Mzee Kokoto, Aliyechukia Makopo

Marehemu Mzee Kokoto alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Aprili 1957, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Marehemu bibi, mama yake, alizoea kusema kwamba mtoto huyo alitoka tumboni amekunja ngumi, na mkunga alipomgeuza akala teke la pua. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mwanawe wa pili kwa ombi la mama, na mama ameagiza usitiwe sukari.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi siku moja ya Agosti 1970 alipomvunja kiranja mkuu meno mawili ya mbele kwa sababu ya kiazi. Kiranja alikuwa amemnyang'anya kiazi chake cha kuchemsha, akakikanyaga. Mwalimu mkuu alimtandika viboko kumi na viwili, na kilipoisha cha mwisho marehemu akauliza, "Na kiazi changu je?" Akafukuzwa siku hiyo hiyo.

Mwaka 1972 aliajiriwa buchani sokoni. Mchana alipasua mifupa kwa shoka, jioni alipasua nyuso za watu ulingoni. Alikuwa bingwa wa ndondi wa uzito wa kati kuanzia 1979 hadi 1984. Alivunjwa pua mara tatu na mbavu mara mbili, na siku moja alipigana raundi tano na ubavu uliovunjika, akitema damu kwenye ndoo. Watu walipomuuliza siri yake, alijibu, "Maharage, mayai, viazi na usingizi. Ukishindwa hapo, kashone nguo."

Tarehe 11 Desemba 1982 alifunga ndoa na muuza mboga ambaye genge lake lilitazamana na bucha. Mama alimwambia mapema, "Siku utakayonigusa, nitakupasua kwa shoka lako mwenyewe." Hakumgusa kamwe. Watoto wake hawakuwa na shoka.

Kuanzia 1986 alifundisha ndondi katika ukumbi nyuma ya gereji, na sheria ilikuwa moja: chakula kinatafunwa. Kabla ya kila pambano mabondia walikula mbele yake, sufuria moja, yeye akiyatazama mataya yao. Aliyekutwa na kopo la unga wa kujenga misuli alivaa glovu na kupanda ulingoni na kocha mwenyewe, raundi tatu. "Haya, liambie kopo likusaidie!" alifoka kwa kila ngumi. Baadhi yao walitoka wamebebwa. Wawili wamo humu leo, na naona wanacheka.

Jumamosi, tarehe 19 Juni 2010, saa mbili kabla mwanawe hajapigania ubingwa ule ule, marehemu alifungua begi la kijana akaona kopo jeusi lenye picha ya mkono uliovimba misuli. Hakuuliza. Kijana alikuwa ndiyo kwanza anainuka kufunga kamba za viatu, ngumi ya kulia ikatua kwenye sikio lake la kushoto. Damu iliruka hadi ukutani. Alianguka, kidevu kikagonga benchi, na akiwa pale chini akaongezwa mbili. Mama aliingia mbio, akalinyakua kopo na kulimwaga.

"Karanga!" alipiga kelele. "Nimezitwanga mimi leo asubuhi! Kopo nimepewa na jirani, nikaliosha! Ungekufa ukilifunua kwanza?"

Ngoma ya sikio ilipasuka, na daktari akampiga marufuku kijana kupanda ulingoni maisha yake yote. Marehemu alifunga ukumbi wiki ile ile. Hakuomba radhi. Kwa miaka kumi na miwili, kila Ijumaa, alipeleka nyama mlangoni kwa mwanawe, na mwanawe akawapa mbwa.

Tarehe 3 Oktoba 2022 kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kuufanya ulimi wake mzito. Hospitali ilimwandikia uji wa unga wa kopo. Alimtemea muuguzi usoni, na kikombe akakirusha ukutani kwa mkono uliobaki mzima. Mama alipochoka, mwanawe yule yule alishika zamu, akampondea viazi na maharage na kumlisha kijiko kwa kijiko.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti mwaka huu wa 2024, mchana, alimshika mwanawe mkono akasema kwa taabu, "Nilikupiga... bure." Mwanawe alisikia vizuri. Lakini alijibu, "Sijasikia, baba. Rudia." Alitaka kuyasikia tena, na alitaka pia mzee ataabike kidogo. Marehemu alijaribu. Mdomo ulipinda, jasho likamtoka, machozi yakafuata, maneno yakagoma. Mwanawe aliweka kijiko akaondoka zake.

Marehemu alifariki kesho yake saa moja asubuhi. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake mmoja wa kike.

Hapa karatasi imeisha, ila mama aniruhusu. Nilisikia mara ile ya kwanza, baba. Usihangaike kurudia. Pumzika.