Madame Victorine na Saini Zetu

Tarehe 2 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu katika Chekechea ya Njiwa Wadogo, Kasapa, Madame Victorine Kapinga anastaafu. Walimu wamelia. Baadhi yetu, kusema kweli, kwa furaha.

Alianza kazi Septemba 1992 akiwa na viatu vya visigino virefu, kalamu nyekundu na imani kwamba kazi ya mzazi ni kuleta mtoto na kuondoka. Ndiye aliyechora mstari wa chokaa langoni. Mama aliyeuvuka ili amfute mwanawe kamasi alirudishwa nyuma, na kamasi ikabaki palepale. Kwa robo karne mstari ule ulipakwa upya kila Septemba, hata miaka ambayo madarasa hayakupakwa rangi.

Mawasiliano na familia yalipitia kaye, daftari dogo ambalo mtoto huenda nalo nyumbani na kurudi nalo. Madame aliandika kwa Kifaransa cha kuogopesha. Nyumbani waliandika chini yake "Lu et approuvé", yaani nimesoma na nimekubali, wakatia saini. Hakuna aliyesoma, na wote walikubali. Katika ripoti zetu tuliita hali hiyo ushirikiano mwema na wazazi.

Mwaka 2017 akaja Ngosa, msichana wa miaka minne, ambaye kwa miezi mitano hakutamka neno darasani. Tulikutana tukaamua kwamba bado hajaiva kwa shule, arudishwe kwao Pasaka. Madame aliiandikia familia mara kumi na moja, waje waongee. Majibu yakawa kumi na moja: Lu et approuvé. Mara ya kumi na mbili, kwa hasira, akaandika kwamba kesho Ngosa ataendesha lori la mgodi. Hilo nalo lilikubaliwa.

Ndipo alipovua visigino, akavaa kandambili na kwenda kwao kwa miguu. Alimkuta bibi wa mtoto, muuza samaki wakavu kutoka Pweto, asiyejua kusoma. Aliyekuwa akisaini ni jirani yao Donat, mwanafunzi wa sheria, ambaye alisainia nyumba nne za mtaa bila kusoma hata mstari mmoja. Bibi alitoa kaye kwenye valizi, sanduku lake la nguo, imefungwa ndani ya kitenge. "Iko muzuri, Madame," akamwambia. "Kila magaribi nabeka humu, isichafuke."

Kwa dakika kumi Madame alijua alichokikosa miezi mitano. Nyumbani kwao waliongea Kibemba tu, na sisi hatukuwahi kumsemesha yule mtoto ila kwa Kifaransa.

Jumatatu bibi alivuka mstari, akaketi kwenye kiti cha watoto, na Ngosa aliongea hadi saa sita mchana. Nilikuwepo, na niliona aibu. Karatasi ya kumwondoa ilikuwa na saini yangu, nami sikuwa nimeisoma.

Tangu hapo Madame alitumia Jumamosi zake kutembelea kila familia ya darasa lake. Chokaa haikununuliwa tena. Alituomba twende naye, lakini sisi kila Jumamosi tulikuwa na mafua, kwaya au msiba. Ngosa sasa yuko darasa la sita la msingi, na walimu wake humwomba anyamaze kidogo.

Wiki hii jambo moja tu lilimsumbua Madame: nani atakwenda majumbani? Ameniuliza mara tatu, na macho yake hayakuwa makavu. Basi nimjibu hapa. Maandishi haya yamezungushwa kwa walimu wote kabla ya kuchapwa, pamoja na sentensi hii: kuanzia Septemba, kila aliyesaini atatembelea familia zote za darasa lake, kila muhula, kwa miguu. Tuko wanane, na zimerudi saini nane, zote na Lu et approuvé. Hakuna aliyeuliza swali.

Asante, Madame. Tunakuombea miaka mingi ya afya na Jumamosi za kulala. Kandambili tuachie sisi.

Paulin, darasa la pili