Aliyeshtakiwa kwa Kuiba Mashine Yake

Mlio karakanani, wasikilizaji wapendwa, zimeni mashine kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Koleo, fundi wa kuchomelea, aliyezikwa juzi. Ndiye aliyebuni mashine ya kupukuchua mahindi kwa kukanyaga. Narudia: aliyeibuni ni yeye.

Aliiunda uani kwa mnyororo wa baiskeli na vyuma chakavu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye kiwanda, alikuja kuisifu. Akaipima, akaipiga picha, akanywa chai, akaaga. Kisha akaichukulia hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa jina lake mwenyewe.

Akarudi na askari. Karakana ikafungwa. Mama Koleo akashtakiwa kwa kuiga mashine yake mwenyewe, na kesi akashindwa. Mafundi wengine wakaogopa. Hata mwenye wazo la kuiboresha alilimeza. Mashine zikatoka kiwanda kimoja tu, tena ghali. Wengi wakarudia kupukuchua kwa vidole.

Binti yake anasema mama hakulia. "Alikuwa akipika huku anacheka peke yake. Tukajua baba mdogo amekwisha."

Akabuni nyingine, tofauti kabisa, nyepesi, isiyovunja punje. Safari hii hakumwonyesha ndugu. Aliipeleka kwenye maonyesho ya biashara, mkabala na banda la shemeji yake, akaifungua kipande kwa kipande mbele ya mafundi na kamera za waandishi. Kilichokwisha kutangazwa hadharani hakisajiliwi tena kuwa uvumbuzi wa mtu. Shemeji alijaribu. Akakataliwa.

Kila karakana ikaiunda. Za kiwandani zikashika kutu. Mla cha mwenzie na chake huliwa.

Mwaka huu shemeji alimfuata hospitalini kuomba radhi. Mama Koleo akamkaribisha kiti, akamwuliza habari za kiwanda. Akajibu kimefungwa.

"Rudia, shemeji. Sikio hili halisikii vizuri."

Akarudia. Msamaha hakupewa.

"Msimpambe mama yangu," binti ametuambia. "Amekufa na kinyongo chake, na kilimkaa vizuri." Yeye pia ni fundi. Akibuni kitu, hukisajili kwanza, ndipo ndugu wakione.

Poleni watoto. Poleni mafundi. Nasi tujiulize: sheria hii inamlinda aliyeumiza kichwa, au aliyewahi dirisha la usajili? Na ni mawazo mangapi mafundi wetu wameyameza kwa hofu?

Mama Koleo, pumzika. Wewe shemeji, kama redio yako iko wazi, usipumzike.