Kumuaga Mzee Chaki kwa Mara ya Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya kiwanda chetu cha magodoro. Ndugu Meneja Mkuu. Viongozi wa chama cha wafanyakazi. Dada yangu mpendwa, uliyekaa meza kuu na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri basi. Shemeji yangu Mzee Chaki, mwenye shughuli. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe fundi wa spika, uliyeniapia kwamba leo haitapiga yowe: habari za mchana.

Najua wengi wenu mnajiuliza: huyu si tulishamuaga? Ndiyo, tulimuaga, tena mara mbili. Mara ya kwanza tulilia mpaka mhasibu akatolewa nje, tukampa sanduku la safari. Mara ya pili tulilia kiasi, kwa heshima, tukampa sanduku jingine, maana lile la kwanza lilikuwa limeshageuzwa ghala la vitunguu. Leo kamati imeniambia waziwazi kwamba sanduku hakuna, na atakayelia alie kwa gharama zake mwenyewe. Hata hivyo mmekuja, mmekaa, na wengine mmevaa suti. Mungu awabariki.

Kwa wasionifahamu, mimi ni msimamizi wa kitengo cha ushonaji, na mke wa Mzee Chaki ni dada yangu wa tumbo moja. Kwa hiyo nina haki mbili za kumsema: ya kazini na ya ushemeji. Haki hizo nitazitumia zote leo, na asiyependa utani azibe masikio mapema.

Ndugu wageni waalikwa, mnaijua kazi ya Mzee Chaki? Alikuwa mkaguzi. Godoro likitoka kwa wafungaji, yeye huvua viatu, hulibonyeza kwa goti, hulilalia chali, kisha ubavu, kisha hufumba macho. Likimridhisha, huliacha liende. Likiwa bovu, hutoa chaki mfukoni, huchora X kubwa, na vijana hulibeba kwenda nyuma bila kuuliza swali. Nani kati yetu hapa alithubutu kuibishia X ile? Nimewahi kumwona Meneja Mkuu mwenyewe akiizunguka kimyakimya kama mtu aliyekutana na mbwa mkali.

Sasa tazameni maajabu ya ndoa. Wakati mume analipwa mshahara kwa kulala, mke alikuwa akilipwa kwa kukesha. Dada yangu alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, zamu za usiku, tangu ujana wake. Alistaafu kabla ya mumewe, lakini mtaa haukupata taarifa. Mtoto ana homa: hodi, Sista yupo? Babu kapaliwa: hodi, Sista yupo? Jirani mmoja alimgongea kwa sababu kuku wake alikuwa amenuna. Na dada yangu, kwa kuwa hajui kusema hapana, alitoka akamtazama yule kuku.

Ndipo siku moja alimwambia mumewe mbele yangu, tukila: "Nataka kuishi mahali ambapo hakuna mtu anayejua nilikuwa nani. Nilale mpaka nichoke kulala." Shemeji akaweka kijiko chini. Alikuwa amesikia kwamba kuna nchi ng'ambo inayotoa viza kwa wastaafu, mradi wawe na pensheni ya kutosha na wasiombe kazi. Akajipiga kifua, akasema, "Mke wangu, nitakupeleka." Naomba neno hilo mliweke akilini, ndugu zangu. Alisema nitakupeleka.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shemeji yangu aliinama, akainama tena, na bado cha mvunguni kikawa kinasogea ukutani. Kwanza akalipa ada ya maombi, ambayo hairudishwi hata ukilia. Kisha bima ya afya, inayokulinda dhidi ya kila ugonjwa isipokuwa ule ulio nao. Kisha cheti cha tabia njema kutoka polisi, kisha tafsiri ya cheti cha ndoa, kazi ya mtaalamu aliyeapishwa, ambayo iligharimu kuliko harusi yenyewe. Nawaambia kwa uhakika, kwa sababu katika harusi ile mimi ndiye niliyesimamia vinywaji. Kisha walitaka uthibitisho wa makazi, hivyo akapanga nyumba huko ng'ambo akiwa angali huku, akaanza kuilipia kodi kila mwezi. Mende wa nyumba ile wameishi kwa raha mustarehe kwa jasho la mfanyakazi mwenzetu.

Na karatasi hizo, jamani, huchacha haraka kuliko maziwa! Ukipata bima, cheti cha polisi kimekwisha muda. Ukirudi polisi, wanashangaa: "Mzee, umerudi tena? Tabia yako si ilikuwa njema juzi?" Ukipata cha polisi, taarifa ya benki imezeeka. Alikuwepo pia wakala wa kufuatilia, kijana wa viatu vya kung'aa, aliyelipwa ili afuatilie. Sote tulikuja kumfuatilia yeye.

Mtauliza, basi mara ile ya kwanza kilichomkwamisha ni nini? Ndugu Mwenyekiti, niliahidi kutolisema jambo hili hadharani. Nalisema.

Siku ya usaili, shemeji alifika ubalozini mapema, kavaa tai, kanukia. Wakamkaribisha kwenye chumba cha kusubiri, akaketi kwenye kochi. Masikini! Wangempa kiti cha mbao, leo tungekuwa tunapokea salamu zake kutoka ng'ambo. Alipoketi tu alihisi sponji limelala upande mmoja. Akajizuia. Akajizuia tena. Mwisho mkono wa kazi ukamshinda mwenyewe: akavua viatu, akalibonyeza kwa goti, akalilalia ubavu, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akatoa chaki, akachora X.

Kisha akahamia kiti kingine, akatulia, roho yake safi kabisa.

Mlinzi alipoingia akaona kochi tupu lenye alama ambayo haikuwepo asubuhi. Je, mngekuwa ninyi mngefikiri nini? Kengele zikalia. Watu wote wakatolewa nje, balozi mwenyewe akiwa na kikombe chake mkononi, na mbwa wa kunusa mabomu akaletwa. Mbwa akalinusa kochi, akapanda juu yake, akageuka mara moja, akashuka. Shemeji yangu, akiwa nje uani katikati ya walinzi wawili, alichungulia dirishani akasema kwa sauti: "Mnaona? Hata mbwa amelikataa!"

Maombi yakakataliwa kwa sababu ya "mwenendo wa kutia shaka". Akarudi kazini Jumatatu kwa mkataba wa muda, na sanduku lake, na sote tukajifanya hatukumbuki kwamba tulilia.

Mara ya pili alikuwa makini. Chaki aliiacha nyumbani, mke wake alimpekua mifuko mlangoni. Lakini palikuwa na vipimo vya afya, na daktari alimwambia apande kitandani, alale chali, atulie. Mnadhani mtu aliyefanya kazi yake kwa uaminifu maisha yake yote, akiambiwa alale chali atulie, atafanya nini? Alisinzia palepale. Daktari akampima presha akiwa usingizini, ikatoka nzuri mno. Ubalozi ukarudisha majibu na barua ya adabu iliyosema kwamba presha hii ni ya mtoto mchanga, tafadhali mpimeni mwombaji halisi. Vipimo upya, malipo upya, na kufikia hapo cheti cha polisi kikawa kimechacha, maombi yakaanguka tena.

Nacheka, lakini sikucheka wakati ule. Kiinua mgongo kilikuwa kinayeyuka, mende wanaendelea kulipiwa kodi, na dada yangu bado anaamshwa na hodi. Nilimwona anasinzia akiwa amesimama, anachuja chai. Nikaona uchungu kweli. Nikamwambia shemeji aachane na mambo haya. Akaniambia maji ameshayavulia nguo, hana budi kuyaoga.

Akaomba mara ya tatu, na wiki hii majibu yametoka. Viza imekubaliwa!

Ngojeni, msipige makofi bado. Kaa chini, shemeji.

Afisa wa ubalozi alizipitia karatasi zote na kugundua jambo ambalo sisi hatukuliona. Pensheni ya mkaguzi wa magodoro haikifikii kiwango chao. Pensheni ya muuguzi, pamoja na nyongeza za zamu za usiku, inakipita. Kwa hiyo viza imetoka kwa jina la dada yangu. Yeye ndiye mwombaji mkuu. Na huyu bwana hapa, aliyejipiga kifua, aliyesema nitakupeleka, ameandikwa kwa wino mweusi kwamba ni mtegemezi. Tena kuna fomu moja imebaki, ya mwombaji mkuu kukubali kumtunza mtegemezi huyo. Isiposainiwa mbele ya mashahidi na kufika ubalozini kesho asubuhi, dada yangu anaondoka peke yake.

Shemeji alinuna kutwa nzima. Jioni akaja na mimi kumwomba mkewe. Dada akamwonyesha kiti upande wa pili wa meza, akavaa miwani.

"Sababu ya safari?"

"Kupumzika."

"Umechoka nini?"

Nilitoka nje kidogo, ndugu zangu, nikacheka, nikarudi.

"Utajikimu vipi?"

"Nitakutegemea wewe, mke wangu."

"Una ujuzi gani utakaonifaa huko?"

Hapo shemeji aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena: "Mlango ukigongwa, nitaamka mimi. Hata kama ni nchi ya watu ambao sijui lugha yao. Wewe utaendelea kulala."

Dada alivua miwani, akaifuta, akasema, "Maombi yako yamepokelewa. Utajulishwa mbele ya watu." Akaondoka kwenda kulala.

Watu ndio hawa. Mashahidi tumejaa ukumbi mzima.

Kabla ya hapo, dada yangu, niruhusu neno moja. Mama alipotutoka, wewe ndiye uliyenifunga kamba za viatu ukienda zamu na kuzifungua ukirudi. Ukienda, nitabaki na mtaa mzima usiojua kudunga sindano, na mimi mwenyewe sijui nitamlilia nani. Inaniuma, na sitaki kujifanya haiumi. Lakini nenda. Umewakeshea wengi mno.

Kalamu hii hapa. Fundi wa spika, sogeza kipaza sauti kidogo.

Anasoma fomu. Anasoma yote, jamani, ni muuguzi huyu, hasaini asichokisoma. Shemeji, acha kutetemesha meza, anaandika.

Amesaini! Sasa yapigeni makofi.

Ngojeni, kuna mahali pengine. Penye muda wa kumtunza mtegemezi, fomu imeacha nafasi ya kuandika idadi ya miaka. Dada hakuandika idadi. Ameandika "Maisha." Shemeji, chukua leso hii. Na chini kabisa, penye masharti ya ziada ya mwombaji mkuu, naona ameandika kwa herufi kubwa na kupigia mstari, nami nasoma kama ilivyo: "Chumba chake kiwe upande wa mlango."

Ndugu wageni waalikwa, kwa kuniazima masikio yenu mpaka hapa, ahsanteni sana.