Fundi Nukta, Aliyekataa Mabango Yake Yachakae

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 4 Machi 1951, akiwa mtoto wa pili wa fundi paa na mama mfua nguo. Wapo wanaosema ni mwaka 1953. Hao hawakuwepo. Mama yake mzazi alikuwepo, naye alisema 1951 mpaka anaingia kaburini, kwa hiyo ndivyo ilivyoandikwa hapa.

Alianza shule Januari 1959. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mkono wake ulikuwa na macho. Mwalimu wa darasa la nne alipoliona hilo akamwachia ubao: ramani achore yeye, moyo wa binadamu achore yeye, hata ng'ombe na matumbo yake yote. Mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha kwamba ukimaliza kuandika weka nukta, watu wajue umemaliza. Akalishika neno hilo kama amana. Kila bango alilochora maishani, hata liwe la neno moja tu, KINYOZI, mwishoni aliweka nukta, na mtaa mzima ukamwita Fundi Nukta. Mwaka 1965 baba yake alianguka kutoka juu ya paa akavunjika nyonga, na mwana akaacha shule akashike kazi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika namba kwenye milango ya nyumba za watu. Akapanda ngazi hadi kuchora mikokoteni, kisha kuta, akafika kwenye mabango ya maduka, na hapo ndipo alipojenga. Alichora vinyozi, washonaji, wauza magodoro. Mng'oa meno mmoja alimlalamikia kwamba jino alilochora linatisha wateja. Marehemu akamjibu, "Bwana wee, jino lisilotisha nani atakuja kuling'oa?" Bango likabaki, na wateja wakaja.

Alikuwa na sharti moja, nalo hakuwekewa na mtu. Kila mwaka mvua zikikatika alibeba makopo yake akapita bango hadi bango, akitia rangi upya palipopauka, wala hakudai kitu. Ukimuuliza, anakwambia, "Bango likichakaa, mwenye duka hachekwi. Nachekwa mimi."

Mkewe alimpata mwaka 1975 katika duka la vifaa vya ujenzi, alikokuwa muuzaji. Marehemu alifungua kopo la rangi ya buluu, akanusa, akasema mbele ya wateja, "Hii imetiwa maji." Yule binti hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo. Alichovya kiganja kizima kwenye kopo akambandika kifuani. "Haya, nenda kafue. Ikitoka, njoo nikurudishie hela yako." Haikutoka. Marehemu alirudi na shati lile lile wiki tatu mfululizo, akisimama kaunta bila kununua kitu, mpaka mwenye duka akauliza kama huyu ni mteja au ni tangazo. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976, wakajaliwa watoto watatu. Yeye alichora mistari ya herufi, mkewe akajaza rangi ndani, na kwa kujaza huko mkewe alijua kusoma. Walibishana kila siku ya Mungu. Hawakulala na kinyongo hata mara moja, labda mara mbili.

Mwaka 2014 alikuja mtaani msimamizi wa ukumbi wa sanaa wa mjini, mwanamama mwenye miwani myekundu, akasema mabango ya marehemu ni sanaa. Marehemu akasema ni kazi. Hawakukubaliana, lakini akaruhusu. Msimamizi alichukua mabango kumi na moja kwa idhini ya waliokuwa nayo, na marehemu akawachorea wenye maduka mengine mapya.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti. Marehemu alivaa koti. Ukumbi ulikuwa mweupe kila upande, taa zimeelekezwa kwenye mabango kama yamekamatwa kwa kosa. Watu walimpa mkono, naye akatabasamu, mpaka alipofika ukuta wa mwisho. Pale palitundikwa bango la fundi viatu: kiatu kimoja kikubwa mno, na fundi mwenyewe ameketi ndani yake akishona. Fundi viatu alikuwa ameshafariki, kibanda chake kimevunjwa, na bango kumbe liligeuzwa mlango wa banda la kuku huko uani kwa shemeji yake fundi huyo, msimamizi alikolikuta. Miaka tisa marehemu hakujua liliko. Sasa aliliona, nyekundu yake imepauka kama ufizi, pembeni limedonolewa, na watu wenye suti wamelizunguka wakitikisa vichwa.

Nyumbani hakula. Alisema, "Wamenitundika mbele za watu na nguo chafu."

Kesho yake asubuhi alirudi ukumbini na makopo ndani ya kikapu cha mkewe. Mkewe alimshikia stuli. Alikuwa ameshavuta mstari mmoja mwekundu kwenye kisigino cha kiatu, urefu wa vidole viwili, askari akatokea.

"Mzee! Mzee, hairuhusiwi kugusa!"

"Nisiguse nini? Hiki nimekizaa mimi."

Msimamizi alikuja mbio, nusura alie. "Baba, nakuomba. Ukilipaka, kile nilichokipenda kitakuwa hakipo tena."

"Ulipenda uchafu?"

"Nilipenda linavyoonyesha kwamba limeishi na watu."

"Limeishi na kuku, mama. Watu watasema fundi huyu ni mzembe."

Mkewe naye akaona achangie. "Baba watoto, mbona hizo mvi zako hujazipaka?"

"Mvi sikuzipaka mimi. Si kazi yangu hiyo."

Mkewe alishindwa, na anakiri. Wakakaa pale kama saa nzima, brashi inakauka, askari hajui amshike nani. Mwishowe marehemu akatoa lake: ama apewe ruhusa ya brashi, ama waandike ukweli ukutani, kwa maneno yake, na wasipunguze hata moja. Msimamizi alijaribu kupunguza, akakatazwa. Basi chini ya bango lile pakaandikwa, na mpaka leo pameandikwa: "Rangi hii imepauka kwa jua la miaka tisa na midomo ya kuku, si kwa uzembe wa fundi. Palipo pekundu ndivyo lilivyokuwa."

Tangu hapo moyo wake ulitulia. Kila Alhamisi alikwenda kukaa kwenye benchi lililolielekea bango, akiwatazama watu wanavyosoma maneno, wanavyocheka, kisha wanavyosogea kukitafuta kisigino. Yule askari akawa rafiki yake mpaka mwisho.

Mwaka 2022 kifua kilianza kumbana. Daktari alisema ni mvuke wa rangi wa miaka mingi. Marehemu akamuuliza, "Rangi ipi?" kana kwamba angeisamehe. Alilazwa mara mbili, na mara zote mbili alilalamikia kibao cha wodi ya wanaume kwamba kimeandikwa na mtu mwenye haraka. Kilichomuumiza zaidi ni mvua za mwaka huu, kwamba zitakatika naye hawezi kusimama. Alimwambia mkewe, "Mabango thelathini na manne. Nani atapita?"

"Nitapita mimi."

"Wewe mkono wako mzito."

"Mzito, lakini haulegei."

Basi akamweleza brashi ipi ni ya herufi na ipi ni ya nyuso. Alifariki Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada yake mdogo. Msimamizi wa ukumbi na askari wake wamo humu kati yetu; wapewe viti. Mabango kumi na moja yaliyo ukumbini yaachwe kama yalivyo, hayo alishayaridhia. Yale ya mitaani mjane wake ataanza kuyapitia Jumatatu ijayo, akianzia kwa kinyozi. Mwenye bango lililopauka asione haya kubisha hodi. Na herufi ikipinda, lawama ni za mjane. Marehemu hakupindisha hata moja.

Pumzika, baba watoto, kazi uliifanya vizuri.