Mzee Nyundo na Sauti ya Mwamba

Ngo, ngo. Kidole kinagonga ukuta, nje bado giza. Wasikilizaji wapendwa, nyumba ile iliamka kwa sauti hiyo miaka nenda miaka rudi. Mzee Nyundo aligonga upande wake, mjukuu wake akajibu kutoka chumba cha pili. Ndipo binti yake, mama wa mtoto huyo, alipojua kumekucha na baba yu mzima.

Mzee Nyundo ametutoka. Alikuwa mjiolojia wa migodi. Kwanza serikalini, kisha chuo kikuu.

Wizarani walimbandika jina la Nyundo kwa sababu hakuamini mwamba asioupiga kwa nyundo yake. Mwamba mzima hulia kama kengele. Wenye ufa husikika kama chungu kibovu.

Siku moja aligonga dari la mgodi, akasikia chungu kibovu. Akataka mgodi ufungwe. Mkurugenzi akacheka.

"Bwana Nyundo, tufunge kazi kwa sababu jiwe limekukoholea?"

"Afadhali linakohoa, mkubwa. Likinyamaza, ujue limeshashuka."

Mkurugenzi akatia pamba masikioni. Nyundo akahamishiwa stoo ya sampuli za mawe, meza yake ikitazama ukuta. Na mgodini mle alichimba mdogo wake wa tumbo moja. Akamsihi aache.

"Kaka, wanangu watakula sampuli zako?" mdogo mtu alimtania, akavaa kofia yake, akaenda.

Dari likashuka. Zamu nzima ikafukiwa. Mdogo wake alikuwa kwenye zamu hiyo.

"Baba hakulia," anasimulia binti yake, siku hizo msichana wa shule. "Alikaa jikoni anagonga meza. Nikimshika mkono, unatulia. Nikimwachia, unaanza tena."

Aliacha kazi ya serikali, chuo kikuu kikampokea. Somo lake la kwanza halikubadilika: alizima taa, akagonga mawe mawili. "Lipi lingekuua?" Aliyekosea alirudia mpaka apatie. Wanafunzi walinung'unika kwamba mhadhiri huyu ana roho ya chuma. Leo wako migodini, na wanagonga kabla ya kumruhusu mtu kuingia.

Lakini vumbi la migodi lilikuwa limeshajaa kifuani mwake. Daktari kijana alipomgonga mgongoni kwa kidole, mzee alisikia kabla yake.

"Usijisumbue, mwanangu. Hapo pana ufa."

Binti yake alikuwa amesimama pale mlangoni. Akajikaza, akamfunga baba vifungo vya shati.

Kwako binti, na kwa wote waliofundishwa naye, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tunaosikiliza, kila mmoja ajiulize: nani anatuonya leo, nasi tunamcheka?

Jumapili alfajiri, mjukuu hakusikia ngo ya babu, akagonga ukuta yeye. Akangoja. Akagonga tena, sikio ameliegemeza ukutani kama alivyofundishwa. Kisha akaenda jikoni, mama yake alikokuwa akiinjika chai, akasema:

"Mama, babu hajibu."