Ustadh Rifaat na Kasha Lisilofunguliwa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Ustadh Rifaat Abu Zahra anastaafu Alhamisi hii, tarehe kumi na mbili, saa nane mchana kamili. Hiyo saa nane kamili ni desturi yake. Sisi wengine huwa tumeshaondoka.

Aliingia idara yetu ya leseni za vibanda, hapa mjini Tanta, akiwa karani wa mafaili, akapanda hadi mtunza amana. Kila kitu cha ofisi kimeandikwa kwa jina lake, na hastaafu mpaka akirudishe kama alivyokipokea. Kibodi zetu bado zimo ndani ya nailoni za dukani.

Miaka kumi na moja iliyopita tuliletewa kamera ya kompyuta ya kupigia picha za leseni, pamoja na kasha dogo lenye utepe. Daftari likaandikwa: kamera moja, diski moja ya programu ya kuiendeshea. Kamera ikachomekwa. Kasha likaenda kwenye sefu.

Bila programu yake, kamera ilimtoa kila mtu kichwa chini, tena kijani. Madam Inas, mpiga picha wetu, akaomba diski.

"Ukikata utepe, si mpya tena," Ustadh alimjibu. "Halafu mimi nirudishe nini, hewa?"

"Ustadh, watu wanatoka kijani!"

"Kijani si ugonjwa, binti yangu."

Basi tukaipindua kamera, tukaifunga kwa bandeji kwenye ndoano ya makoti. Vichwa vikakaa sawa, kijani kikabaki. Wauza dengu na halua wa maulidi wamebeba leseni hizo hadi leo, na askari wa soko humshuku yeyote ambaye picha yake ina rangi nyingine.

Jumatatu ya wiki hii ikaja kamati ya makabidhiano. Bila sahihi zao hakuna pensheni. Ustadh aliliweka kasha mezani kwa uso wa bwana harusi. Mwenyekiti akakata utepe. Ndani mlikuwa na kijikaratasi tu: programu ipakuliwe mtandaoni. Diski haikuwamo, wala haikuwahi kuwamo.

Ustadh alilipindua kasha, akalikung'uta mara mbili. Iliniuma sana kumwona vile.

"Daftari linasema diski moja," mwenyekiti alisema. "Iko wapi?"

Madam Inas alikichukua kile kijikaratasi, akafuata maelekezo, na chai ya mwenyekiti haijapoa kamera ikapona. Mtu wa kwanza kutoka na rangi ya binadamu alikuwa Ustadh mwenyewe, ingawa kichwa chini, maana tulisahau kufungua bandeji, na kamera bado ilikuwa imepinduliwa. Kamati ikasifu picha, kisha ikarudi kwenye daftari: diski moja.

Aliyetuokoa ni Ami Sabri, mpika chai wetu. Alitoa kwenye droo ya vikombe diski ya video ya harusi ya bintiye. "Chukueni, jamani. Hata mashine ya kuichezeshea sina." Kamati ikahesabu: moja. Ikaitia kashani, ikafunga utepe mpya, ikasaini.

Ustadh Rifaat, ahsante. Hukupoteza hata pini. Nenda kalale mchana bila funguo mfukoni, na Mungu akujaalie afya na miaka mingi ya raha.

Kasha sasa limeandikwa kwa jina langu, nami nina miaka kumi na tisa kabla ya kustaafu. Jana Ami Sabri alikuja: bintiye anataka kuiona harusi yake. Nikamwambia ukikata utepe, si mpya tena.