Kidoti Shavu la Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mpiga picha mstaafu aliyeitwa Tulia. Si jina la kuzaliwa. Kwa miaka arobaini studioni, kila aliyekaa mbele ya kamera yake aliambiwa, "Tulia." Watu wakatulia, na jina likamganda.

Mwenyewe hakuwa mtulivu hata kidogo. Tulia aliogopa kusahau. Kaka yake mkubwa alipoteza kumbukumbu, akafikia kumuuliza mkewe, "Wewe umekuja kumwona nani?" Tangu hapo, hata ufunguo ukipotea, Tulia alitokwa jasho.

Ndipo akanunua skana, mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta, akaiweka juu ya meza ya chakula. Mkewe alikuwa ameshafariki. Kila asubuhi alipangusa vumbi kwenye negativu, zile filamu za kusafishia picha za zamani, kwa brashi laini, akaziskani, akaandika majina, akatuma picha kwenye kundi la familia. Alitaka kuwahi kabla majina hayajamtoroka.

"Miaka miwili, kila tukimtembelea, tulikula sahani mapajani," binti yake ananiambia, akicheka kidogo.

Siku moja alituma picha ya marehemu mkewe akiwa bibi harusi. Binti akajibu, "Baba, kidoti cha mama kilikuwa shavu la kushoto. Hapa kiko shavu la kulia."

Tulia akaitazama picha. Yeye aliiona sawa tu. Miaka thelathini na minane alilala kando ya uso ule, leo hajui kidoti kilikaa wapi?

Binti alipofika alimkuta sakafuni, masanduku yote wazi. "Mwanangu, imeanza," alisema. "Ile ya baba yako mkubwa imeanza."

Binti, aliyekulia studioni, akaitoa negativu kwenye skana. Ilikuwa imelazwa kifudifudi, na filamu ikilazwa hivyo, kushoto hugeuka kulia. "Baba, umeigeuza tu. Basi."

Alidhani amempa nafuu. Kumbe amemwongezea hofu.

"Kosa hili nilikuwa nawafokea wanafunzi wangu," Tulia alisema. "Nimelifanyaje mimi?"

Kuanzia siku hiyo, wasikilizaji, hakutuma picha bila kumpigia binti simu kwanza. Hata picha ya ng'ombe.

Tulia alifariki Jumanne iliyopita, ameketi mezani pake. Moyo ulisimama. Ndani ya skana mlikuwa na picha moja, yake mwenyewe, ya ujanani. Nyuma yake alikuwa ameandika: "Siku nikiuliza huyu ni nani, msinicheke. Niambieni ni baba yenu."

"Hakuwahi kuuliza," binti anasema. "Asubuhi ile alituita wote kwa majina. Aliogopa bure, maskini baba yangu."

Kwa binti huyo, kwa kaka wa marehemu ambaye hajui kwamba amefiwa, na kwa wajukuu, poleni sana. Nasi tuliobaki, tuna bahasha za picha kabatini, nyuma hazina jina hata moja. Yule anayezijua sura zile bado yupo. Mpigieni leo, muulizeni.